FRIJI YA GESI KATIKA TELA LA KAMBI: ITUNZWE NAMNA GANI, NA NANI AWAJIBIKE



Wengi wetu tunalifahamu tela la kulala, ile nyumba ndogo yenye magurudumu inayokokotwa na gari. Tumeliona katika kambi za wajenzi wa barabara, kwa wapima ardhi, kwa wachimbaji wa visima, na kwa watalii waendao mbugani. Ndani yake mna kitanda, meza, jiko na friji. Bwana mkubwa hulala humo. Lakini anayefagia, anayepika na anayesafisha friji ni mwenzetu, na friji ikikataa kufanya kazi yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Friji ya namna hii si sawa na ile ya dukani. Ya dukani ina injini ya umeme, nawe waisikia ikinguruma. Ya tela, katika matela mengi, haina injini hata kidogo. Baridi yake huletwa na moto. Mtu asiyelijua jambo hili anaweza kuisafisha kila siku kwa moyo mweupe, na bado ikaharibika mikononi mwake. Tena anaweza kujidhuru. Ndiyo maana nimeona inafaa tulieleze jambo hili kwa urefu katika ukurasa wetu.

Kabla ya yote, sikiliza friji yako. Ikiwa inanguruma, inanyamaza, kisha inanguruma tena, hiyo ni ya injini, kwa kuwa matela mengi mapya siku hizi hutiwa friji ya injini ndogo inayotumia betri. Maelezo ya kuosha na ya mpira wa mlango yatakufaa, lakini ya moto hayakuhusu. Ikiwa iko kimya, na kwa nje ukutani kuna matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu, basi soma yote.

ILITOKA WAPI

Friji hii ilibuniwa Sweden mwaka 1922 na vijana wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliokuwa wanafunzi wa ufundi mjini Stockholm. Mwaka 1925 kampuni ya Electrolux ikaupata uvumbuzi huo na kuziuza friji hizo katika nchi nyingi. Sifa yake kubwa ni kwamba iliweza kufanya kazi mahali pasipo na umeme, kwa mafuta ya taa au kwa gesi.

Baadaye ikaingia katika matela, na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa chama. Tela la kulala halikuenea Ulaya kwa sababu ya matajiri peke yao. Lilienea baada ya wafanyakazi kupata likizo yenye malipo. Ufaransa mwaka 1936 wafanyakazi waligoma, viwanda vikasimama, na mwaka huo huo sheria ikawapa wiki mbili za likizo yenye malipo. Sweden sheria ya wiki mbili ilipatikana mwaka 1938. Mtu wa kiwandani aliyepata likizo hakuwa na fedha za hoteli. Alifunga tela nyuma ya gari lake dogo, akaenda ufukoni na watoto, na friji ndogo ya gesi ikamtunzia maziwa na nyama. Kwa hiyo mashine hii, ingawa huku kwetu imekuja pamoja na bwana mkubwa, kule ni mali ya mfanyakazi pia.

Huku kwetu ndugu yake, yaani friji ya mafuta ya taa, ilifanya kazi kubwa zahanatini. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupanua chanjo mwaka 1974. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8 za sentigredi, na vijijini pasipo na umeme ilitegemewa friji hiyo. Siku hizi vituo vingi vinatumia friji za nguvu za jua. Lakini waulizeni wauguzi wa zamani, watawaeleza habari za utambi, masizi, na kazi ya kuisimamisha friji sawasawa.

JINSI MOTO UNAVYOLETA BARIDI

Ukimwagiwa spiriti mkononi unasikia baridi. Spiriti inapokauka inachukua joto la ngozi yako. Friji hii hufanya vivyo hivyo, ila badala ya spiriti inatumia amonia.

Nyuma yake kuna mabomba ya chuma yaliyofungwa kabisa. Ndani yake mna maji, amonia, na hewa iitwayo hidrojeni. Chini kabisa moto mdogo huchemsha maji yenye amonia. Amonia hupanda kama mvuke, hupoa katika mabomba ya juu na kuwa kimiminiko. Kisha huteremka kwenye chumba cha barafu, hukutana na hidrojeni, hukauka, na katika kukauka huchukua joto la chakula. Mwisho hurudi chini, maji huinywa tena, na safari huanza upya.

Angalieni kwamba hakuna pampu. Vitu hivi hutembea kwa kupanda kwa joto na kuteremka kwa uzito wake, kama maji ya mferejini. Kwa hiyo kuna mambo manne ya kushika: friji isimame sawa, moto uwe safi, hewa ipite nyuma, na ndani pawe safi. Tuyachukue moja moja.

1. ISIMAME SAWA

Mfereji ukiinama upande usiofaa, maji hayafiki shambani. Friji ikiinama, kimiminiko hutuama bombani, na huku chini moto unaendelea kuchoma. Bomba hupata joto kupita kiasi, na ile dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani huganda chembe chembe na kuziba njia. Ikifika hapo, friji hiyo haifufuki tena.

Friji nyingi za tela hazistahimili kuinama zaidi ya digrii 3 hivi kwa upande wa kulia au kushoto, na digrii 6 hivi kwa mbele au nyuma, ukihesabu kama uliyesimama mbele ya mlango wake. Za zamani zataka usawa zaidi. Mwazime fundi mwashi pimamaji yake. Iweke chini katika chumba cha barafu, kwanza kwa kukingama, halafu kwa kuelekea nyuma. Kama hakuna pimamaji, weka sahani bapa yenye maji kidogo uone yanakimbilia wapi. Zuia magurudumu kwa magogo kwanza, ndipo uongeze mbao chini ya gurudumu lililo upande wa chini. Tela likiwa safarini mtikisiko wenyewe husukuma vitu ndani ya bomba. Usawa unatakiwa linaposimama.

Nitoe mfano. Miaka iliyopita nilifika katika kambi ya kampuni moja ya barabara, ambayo sitaitaja jina. Mpishi wa kambi, mtu mzima, alikuwa amekatwa mshahara mara mbili kwa sababu ya nyama iliyooza. Nyapara alisema mbele yangu:

"Mzee, friji ilikuwa mikononi mwako."

Mpishi akajibu, "Bwana nyapara, naifuta kila Jumamosi. Moto unawaka. Ni baridi tu haiji."

Wote wawili walisema kweli. Tulimwita mwashi aje na pimamaji. Tela lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko na dereva wa tingatinga tangu kambi ihamie pale, na friji ilikuwa imelala upande. Tulizima moto, tukatia mbao, tukaiacha friji itulie mpaka jioni, kisha ikawashwa. Asubuhi maji yalikuwa yameganda. Nyama ilikuwa imeozeshwa na mteremko, na mpishi ndiye aliyelipishwa. Ilitubidi kwenda ofisini mara tatu ndipo fedha zake zikarudi.

2. MOTO UWE SAFI

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Moto wa friji uko chini kabisa, mara nyingi nyuma ya kile kifuniko cha chini kilicho nje ya tela. Moto mzuri una rangi ya buluu, umesimama wima, hauna kelele. Ukiwa wa manjano na wenye kurukaruka, kuna uchafu. Huwezi kupata baridi ya kutosha, na unatengeneza masizi na sumu.

Uchafu hukaa mahali patatu. Kwanza ni kichomeo, yaani pale moto unapowakia. Buibui hupenda kufuma humo, na nyigu hujenga nyumba ya udongo. Pili ni nozeli, kile kijitundu kidogo kinachotoa gesi. Tatu ni bomba la moshi, ambalo ndani yake kuna bati lililosokotwa, linaloning'inia kwa waya ili kushikilia joto. Masizi na kutu hushuka kutoka hapo na kuangukia kichomeo.

Kazi hii ifanywe mara moja kwa mwaka, na zaidi ya hapo penye vumbi jingi. Funga gesi kwenye mtungi. Ngoja chuma kipoe. Funika kichomeo kwa kitambaa, chomoa lile bati, pitisha brashi ndefu ya waya katika bomba, kisha rudisha bati mahali pake lilipokuwa. Kichomeo kipigwe brashi laini. Nozeli iloweshwe katika spiriti na kukaushwa kwa kupulizwa. Nozeli kamwe isichokolewe kwa sindano wala waya, maana kijitundu kikipanuka moto huzidi kipimo na friji inaungua. Viungo vya gesi vilivyofunguliwa vipimwe kwa povu la sabuni kabla ya kuwasha.

Wakati wa kuwasha hushikilia kitufe kwa sekunde kadhaa. Hapo unangoja ncha ndogo ya chuma ipate moto. Ncha hiyo ndiyo mlinzi, kwani moto ukizimika yenyewe inafunga gesi. Nimeona mahali ambapo kitufe kilifungwa kwa waya kisiachie, kwa kuwa moto ulikuwa ukizimika mara kwa mara. Huko ni kumfunga mlinzi kamba na kuacha mlango wazi. Kama moto hauwi imara, aitwe fundi.

3. HEWA IPITE NYUMA

Joto linalotolewa katika chakula halipotei. Linatoka kwa nyuma, kupitia yale mabomba, na kupanda nje kwa tundu la juu. Mtu akiziba tundu kwa gunia ili vumbi lisiingie, au akianika nguo juu yake, joto linabaki na friji haipoi. Matundu yasafishwe kwa brashi kavu, na viota vya ndege na nyigu viondolewe.

Tena friji hii hushindana na jua. Kukiwa na joto kali ina kazi kubwa zaidi. Basi tela liegeshwe ili ule upande wa friji usipigwe na jua la mchana, hasa la alasiri.

Friji hii pia ni ya polepole. Iwashwe jana yake ndipo chakula kitiwe kesho. Usitie sufuria ya mchuzi wa moto. Usiijaze mpaka vitu vikabanana, maana hata ndani hewa inataka njia.

4. NDANI PAWE SAFI

Kila wiki futa yaliyomwagika. Barafu ikifika unene wa kalamu ya risasi, ni wakati wa kuiyeyusha, kwa sababu barafu nene ni kama blanketi: inazuia baridi isifike kwenye chakula.

Zima friji, toa kila kitu, acha mlango wazi. Weka bakuli la maji ya moto ndani ili kuharakisha. Usichokoe barafu kwa kisu wala bisibisi, na usitie jiko la mkaa wala pasi. Nyuma ya bati lile jembamba kuna bomba la amonia lenye nguvu nyingi. Ukilitoboa, amonia itakurukia usoni, na friji nzima imekwisha.

Barafu ikiisha, osha kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa baikaboneti ya mapishi, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja. Inaondoa harufu na haikwaruzi. Osha, suuza, kausha kwa kitambaa safi. Mchanga, majivu, steelwool na petroli havifai, maana huchubua plastiki na uchafu ukapata mahali pa kujificha. Toa rafu zote. Tafuta kile kitundu kidogo cha kutolea maji ndani ya friji, nacho kizibuliwe kwa maji ya uvuguvugu, la sivyo maji yatatuama na kunuka.

Mpira wa mlango uoshwe katika mikunjo yake yote. Kisha fungia kipande cha karatasi mlangoni na ukivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umelegea, na baridi inatoka mchana na usiku. Jaribu kila upande. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mpira mmoja ni bei ndogo kuliko mtungi wa gesi kila wiki.

HATARI ZISIZOFICHWA

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala sakafuni na chini ya kitanda. Ukisikia harufu yake usiwashe kiberiti wala taa. Funga mtungi, fungua mlango, toka nje. Mtungi ukae wima, na mpira wake ukionekana una nyufa ubadilishwe.

Moto mchafu hutoa sumu ile ile ya jiko la mkaa chumbani, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala asiamke. Kwa hiyo bomba la moshi ni lazima litoe moshi nje, na friji ya gesi isiwashwe ghalani palipofungwa.

Amonia ina harufu kali ya choo kilichojaa mkojo, nayo huchoma macho na kifua. Ukiisikia, au ukiona unga wa manjano katika mabomba ya nyuma, bomba limetoboka. Ule unga ni kromati ya sodiamu, dawa ya kuzuia kutu, na ni sumu iletayo saratani. Usiuguse kwa mkono, usiufagie, usiupulize. Zima moto, fungua milango, ondoka. Mabomba hayo hayajazwi upya kambini. Hubadilishwa yote.

Mwisho, maji ya klorini ya kufulia yasichanganywe na siki wala na dawa ya kusafishia yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya kuumiza mapafu, na chumba cha tela ni kidogo.

SAFARINI NA WAKATI WA KUWEKWA

Kabla ya kuingia kituo cha petroli moto wa friji uzimwe. Jambo hili madereva walishike kama sheria. Friji nyingi hupokea pia umeme wa betri ya gari, lakini huo ni wa wakati injini ya gari inapokwenda. Ukiiacha usiku kucha kwenye betri, asubuhi gari haliwaki, na dereva atalaumiwa.

Tela likikaa bila kazi, friji ioshwe, ikaushwe, mtungi ufungwe, na mlango uachwe wazi kidogo kwa kuwekewa kijiti. Friji iliyofungwa ikiwa na unyevu huota ukungu ndani ya siku chache.

NANI AWAJIBIKE

Tugawe kazi. Kuosha, kuyeyusha barafu, kujaribu mpira, kutazama rangi ya moto na kupima usawa, hayo mfanyakazi yeyote aliyeonyeshwa anaweza. Kufungua viungo vya gesi, nozeli na bomba la moshi ni kazi ya fundi, au ya mtu aliyefundishwa na kupewa vifaa. Mpishi asiambiwe "jaribu tu."

Hapa Uganda Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haimruhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo. Kwa hiyo mwenzetu akikatwa kwa ajili ya nyama iliyooza, tuulize kwanza: tela lilipimwa usawa na nani? Fundi alisafisha moto lini? Mpira ulibadilishwa lini? Na Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ambao mwaka 2022 uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi, unamlinda mfanyakazi aliyeondoka penye hatari ya karibu na kubwa kwa sababu ya haki. Harufu ya gesi katika chumba kidogo ni sababu ya haki.

Nashauri wawakilishi wa kambi wapeleke mambo manne kwa meneja. Iwepo pimamaji moja katika kila kambi. Kiwepo kitabu cha friji, kinachoandikwa tarehe na jina la aliyeifanyia kazi. Fundi aje mara moja kwa mwaka. Na anayeisafisha apewe saa za kuifanya kazi hiyo katika saa zake za kazi, si baada ya kupika chakula cha jioni.

Hicho kitabu kisidharauliwe. Kalamu na daftari ni vitu rahisi, lakini siku nyama ikioza, daftari litasema ni nani aliyefanya kazi yake na ni nani hakufanya. Yule mpishi wa kambi ya barabara angekuwa na daftari, tungekwenda ofisini mara moja tu.